Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi: Turudishieni sababu za kina Shelby

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha televisheni kinachorusha Peaky Blinders kwa sauti ya Kiswahili,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: VIPANDE VINAVYOKATWA NA MANENO YANAYOONGEZWA KATIKA TAMTHILIA YA PEAKY BLINDERS

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtazamaji wenu wa muda mrefu. Ni msusi, nina saluni hapa Kariakoo. Naandika hadharani kwa sababu njia za faragha zimegonga mwamba. Nimepiga namba yenu ya huduma kwa wateja, nikaambiwa malalamiko yamepokelewa. Nimetuma barua pepe, haikujibiwa. Nimeleta barua kwa mkono hadi mapokezi, ikagongwa muhuri, na mpaka leo kimya. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa sina nia ya kumchafua mtu. Ninachotaka ni kazi irekebishwe, hasa baada ya ninyi kutangaza kwamba mtairudia tamthilia hii kuanzia msimu wa kwanza.

Naanza na shukrani, na ninazitoa kwa moyo. Kazi ya Steven Knight iliyorushwa na BBC kuanzia mwaka 2013 hadi 2022, sehemu 36 katika misimu sita, kuipata kwa Kiswahili ni jambo kubwa. Mama ambaye hakusoma Kiingereza ameweza kuifuatilia familia ya Shelby, wachezesha kamari ya farasi wa Birmingham, Uingereza, tangu mwaka 1919, na akawa na maoni yake juu yao. Asubuhi baada ya kipindi, saluni kwangu hakuna hadithi nyingine.

Na tunachobishania, Ndugu Mkurugenzi, si nani alimpiga nani risasi. Hilo kila mtu ameliona. Tunabishania kwa nini. Grace, mpelelezi wa siri aliyejifanya mhudumu wa baa, alipowaambia polisi zilipofichwa bunduki zilizoibwa, alikuwa anatimiza kazi, analipiza damu ya baba yake, au anajaribu kumwokoa Tommy, kiongozi wa kina Shelby, kwa kumwekea masharti mkuu wake wa polisi, Inspekta Campbell? Shangazi Polly anailinda familia nzima au mwisho wa yote anamlinda mwanawe Michael peke yake? Tommy anapanda ngazi ili ndugu zake wapumzike, au hajui tena kusimama? Watu wanaachiana vikombe vya chai vikapoa kwa maswali haya. Lakini ubishi wa haki unataka wote tuwe tumeonyeshwa kitu kilekile alichokusudia mtunzi, na hapo ndipo mnapotuangusha. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlikata uhai wa Danny.

Ni sehemu ya kwanza kabisa. Danny Whizz-Bang, askari mwenzake Tommy aliyerudi vitani akiwa amevurugika, anamchoma kisu Mwitaliano mgahawani bila kujua alifanyalo. Jamaa za marehemu wanataka damu. Tommy anampeleka Danny kwenye mfereji, Waitaliano wakitazama, anafyatua bastola, Danny anaanguka. Kwenu kipindi kikaishia pale, likaingia tangazo la sabuni.

Katika tamthilia yenyewe Danny anazinduka ndani ya mashua. Anaelezwa kwamba risasi ile ilijazwa ubongo wa kondoo. Tommy amewaridhisha Waitaliano na amemwokoa rafiki yake kwa pigo lilelile. Mkikiondoa kipande hicho kifupi, mnakuwa na Tommy mwingine kabisa. Mzee mmoja fundi cherehani wa jirani yangu alimhukumu Tommy kwa msimu mzima: mtu anayemuua aliyelala naye handakini hana utu, usiniambie habari zake. Kila jema alilofanya Tommy baada ya hapo mzee aliliita ujanja. Kisha ikafika sehemu ya sita, Danny akatokea amesimama na kina Shelby, Billy Kimber, mkuu wa genge pinzani, akampiga risasi, safari hii ya kweli. Watu wakaulizana ni pacha wake au ni mzimu. Hata lile kaburi lenye jina la Danny lililofichiwa bunduki halikueleweka. Mtu akishazikwa kweli, kaburi lake lina siri gani?

2. Mlikata sababu ya Polly.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Msimu wa pili, Michael, mtoto ambaye Polly alinyang'anywa akiwa mdogo na akampata tena akiwa kijana, anawekwa ndani. Polly anakwenda ofisini kwa Campbell kumwombea. Campbell anatumia cheo chake, na mwili wa Polly unakuwa bei ya uhuru wa mtoto. Michael anatoka. Baadaye, siku ya mbio za farasi za Epsom, Polly anamfuata Campbell kwenye kibanda cha simu na kumuua.

Ninyi mliondoa kila kitu cha katikati. Mlituonyesha Michael yuko jela, kisha Michael yuko nje, kisha Polly anaua. Na juu ya picha ile msimulizi wenu akasema kwa sauti kubwa: "Wivu wa mapenzi huo!"

Siku iliyofuata wanawake wazima, mama za watu, walikaa kwenye viti vyangu wakimjadili Polly kama hawara aliyeachwa. Mmoja alisema ndivyo wanawake wenye fedha walivyo, hawakubali kukataliwa. Ikabidi mteja aliyekwisha kuiona tamthilia kamili awasimulie kilichotokea ndani ya ofisi ile. Saluni ilinyamaza. Dada niliyekuwa namsuka akasema taratibu kwamba yeye asingesubiri mpaka Epsom.

Ndugu Mkurugenzi, sidai mtuonyeshe kitendo chenyewe. Kikateni, wala sitaki wanangu wakione. Lakini Polly akisimama mlangoni kabla ya kuingia hakuna uchi. Uso wake baada ya kutoka hauna uchi. Maneno ya kejeli anayoambiwa Michael anapoachiwa, ambayo ndiyo yanamfungua macho kijana kuhusu mama yake, hayana uchi. Mngeacha hayo, kila mtu mzima angeelewa na hakuna mtoto ambaye angeumia. Mlipoyafuta mkamfuta mwanamke aliyedhulumiwa na afisa wa serikali, mkamweka mahali pake mwanamke mwenye wivu. Wapo wanawake wanaowatazama ninyi ambao wamewahi kuombwa rushwa ya aina hiyo ili jambo lao lipite. Walistahili kujua Polly alikuwa analipa deni gani.

Wakati huohuo mapigano ya kofia zenye nyembe mliyaacha yote. Damu ipo, mazungumzo hayapo. Nimelitazama hilo sehemu baada ya sehemu na ndivyo lilivyo: mkasi wenu unapita pale watu wanapoketi kuongea.

3. Msimulizi anajaza ukimya usio wake.

Namheshimu kijana huyu. Ana sauti, ana kasi, na kwenye ugomvi anatuchangamsha sana. Tatizo ni kwamba hawezi kumwona mhusika amenyamaza akamwacha.

Msimu wa kwanza Tommy analala na kiko cha afyuni, anasikia sululu na makoleo yakigonga nyuma ya ukuta wa chumba chake. Alikuwa mchimba mahandaki huko Ufaransa katika vita ya 1914 hadi 1918, na anachosikia ni Wajerumani wakichimba kumfikia chini ya ardhi. Hakuna mtu nyuma ya ukuta, ni vita iliyomo kichwani mwake. Sauti ile ndiyo ufunguo wa mtu yule: kwa nini halali, kwa nini haogopi kufa, kwa nini anazungumza na kila mtu kana kwamba tayari amekwisha kuzikwa. Msimulizi akaifunika kwa kusema, "Wezi hao wanabomoa!" Binti anayenisaidia kazi aliniuliza kesho yake kama wale wezi walikamatwa.

Mnatuonaje sisi? Nafanya kazi katika kata iliyopewa jina na vita ileile, maana Kariakoo imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza, na Nairobi wana Kariokor yao kwa sababu hiyohiyo. Wengi wa wapagazi wale hawakurudi makwao. Mtazamaji wa hapa anaweza kuelewa mtu aliyerudi na vita masikioni. Mpeni nafasi asikie makoleo.

Mwisho wa msimu wa tano ulikuwa mbaya zaidi. Mpango wa kumuua Oswald Mosley, mwanasiasa wa kifashisti, katika ukumbi wa Bingley umevurugika, mdunguaji ameuawa, Aberama Gold, mshirika wa Tommy, ameuawa, na Tommy hajui nani kamsaliti. Mtunzi alituacha hapo makusudi: ukungu, shamba, Tommy amejielekezea bastola kichwani anapiga kelele. Kwa yeyote aliyeipenda tamthilia hii, lile lilikuwa swali la kukaa nalo hadi msimu unaofuata. Msimulizi wenu hakutuachia hata usiku mmoja. "Michael ndiye msaliti!" akatamka, basi kesi ikafungwa. Msimu wa sita ulipoanza ikajulikana kuwa ni IRA, wapiganaji wa ukombozi wa Ireland, walioingilia, na wateja wangu wakaanza kusema tamthilia inajipinga yenyewe. Haikujipinga. Iliongezewa maneno ambayo hayakuandikwa na yeyote aliyeitunga.

Zaidi ya yote, kumtangaza Michael msaliti kabla ya wakati kulimaliza ubishi mtamu kuliko wote tuliokuwa nao: je, Michael aligeuka kwa tamaa, au Tommy ndiye aliyemsukuma mpaka akageuka?

4. Sehemu zinarukwa.

Wiki ya mechi kubwa kipindi hakikurushwa, na wiki iliyofuata mkaendelea mbele kana kwamba hakuna kilichopita. Ilikuwa msimu wa nne. Polly anakutana na Luca Changretta, mafia aliyekuja kulipiza kisasi kwa kina Shelby, anaonekana kumuuza Tommy ili wengine wa familia wabaki hai. Kuja kujua kwamba Polly na Tommy walipanga pamoja ndiko kunakogeuza kila kitu, kwa sababu hapo swali linamhamia Michael: alidhani mama yake anamsaliti Tommy kweli, na akanyamaza. Ukimya ule ndio mwanzo wa uadui wote unaokuja. Waliokosa sehemu hiyo mpaka leo wanamwita Polly msaliti.

Niongeze na hili hapa. Sehemu ya kwanza ya msimu wa sita ilitolewa kwa kumbukumbu ya Helen McCrory, aliyeigiza Polly na kufariki Aprili 2021. Ninyi mlikwenda kwenye matangazo kabla ya maandishi hayo. Matokeo yake nimesikia kwa masikio yangu watu wakisema mwigizaji hayupo tena kwa sababu aligombana na wenzake juu ya malipo. Marehemu hakustahili hilo.

5. "Kisa cha kweli."

Tangazo lenu linasema ni kisa cha kweli. Genge lililoitwa Peaky Blinders lilikuwepo Birmingham, linajulikana tangu miaka ya 1890. Kimber na Sabini, mkuu wa genge la London, walikuwa watu halisi. Familia ya Shelby ni ya kubuni, na Kimber wa kweli hakuuawa na Tommy yeyote, alikufa mwaka 1945. Mkisema ni kweli, ubishi wetu unakatwa na mtu mmoja anayedai "kaka, hiyo ni historia". Semeni imechota kwenye historia, inatosha.

Sasa najua mtakayojibu, kwa sababu baadhi yake nimekwisha kuyasikia kwenye simu.

Mtasema muda hautoshi. Ni kweli kwamba BBC haina matangazo ya biashara, sehemu moja inakaribia saa nzima, na ninyi mna saa moja pamoja na matangazo. Lakini tamthilia za Kituruki, ambazo sehemu yake moja huko kwao inafika saa mbili, huku kwetu zinagawanywa vipande viwili au vitatu na hakuna mstari unaopotea. Gawanyeni na hii. Tutasubiri. Na mpira ukiingia dakika za nyongeza ratiba yenu yote inasogea bila mtu kulalamika, kwa hiyo kusogeza ratiba mnakujua.

Mtasema maadili. Nakubali kuwa kuna mambo hayafai sebuleni. Ila mnarusha saa nne usiku, kisha mnarudia Jumapili mchana watoto wote wakiwa macho, na katika marudio hayo mtu anachanwa uso kwa wembe bila kufifishwa. Danny kuzinduka kwenye mashua kunaharibu maadili ya nani?

Mtasema watazamaji wa kawaida hawataelewa bila kufafanuliwa. Hili linaniuma kuliko mengine. Njooni mkae kwenye benchi langu asubuhi moja. Mtamsikia mama anayeuza samaki Feri akieleza kwa nini Arthur anapiga watu ovyo, kwamba ni mkubwa wa kuzaliwa aliyenyang'anywa ukubwa na mdogo wake na hana la kufanya isipokuwa kumpenda. Hakuna aliyemfafanulia. Ameona mwenyewe jinsi Arthur anavyomtazama Tommy kabla ya kujibu.

Na mtasema ni tamthilia tu. Basi mbona mnaiuzia matangazo ghali kuliko taarifa ya habari? Mnajua uzito wake, na sisi tunaujua. Mtu anapobishana kwa nini Grace alifanya alivyofanya, anajizoeza kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu. Nimeona mabinti wakimtetea Grace, kesho yake wakamsikiliza mwenzao aliyefukuzwa kwao kwa uvumilivu ambao hawakuwa nao. Kazi hiyo haiwezi kufanyika ikiwa ushahidi umefichwa na hukumu imesomwa mapema na msimulizi.

Kwa hiyo, kabla marudio hayajaanza, naomba yafuatayo:

(a) Kila sehemu irushwe kamili, ikibidi kwa kugawanywa mara mbili.

(b) Pakilazimika kukatwa kwa sababu ya maadili, kikatwe kitendo, yabaki yaliyokitangulia na yaliyokifuata, na paandikwe chini ya kioo kwamba kuna kipande kimeondolewa. Kuhusu Polly na Campbell naomba hili lishughulikiwe na mtu mzima mwenye busara, ikiwezekana mwanamke.

(c) Msimulizi atafsiri yaliyosemwa. Asitaje nia ya mhusika ambayo mhusika mwenyewe hajaitaja, na pasipo na maneno aache muziki, makoleo na pumzi zisikike. Kwenye mapigano aendelee na vibwagizo vyake, hatuna neno.

(d) Kipindi kikiahirishwa, kiendelee pale kilipoishia.

(e) Maneno "kisa cha kweli" yaondolewe kwenye tangazo, na maandishi ya kumkumbuka Helen McCrory yaonyeshwe.

(f) Marudio ya Jumapili yahamishiwe usiku.

Sijaomba fedha wala kuombwa radhi. Hakuna hapo juu kinachohitaji mtambo mpya au kibali kipya. Kama lipo msilolimudu, nitajieni ni lipi na kwa nini, nami nitalifikisha kwa wenzangu kama lilivyo. Anwani na namba yangu ya simu ziko kwenye ile barua iliyogongwa muhuri mapokezi kwenu.

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtazamaji wenu,
msusi, Kariakoo, Dar es Salaam.

Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Tafsiri na Sauti, kituoni hapohapo.